Umetyuni gitaa vizuri, mbona kodi ya G inakwaruza? Deni la senti 24 na namna ya kuligawa

Ishakutokea hii? Umekaa umetyuni gitaa lako, unapiga kodi (yani noti kadhaa kwa pamoja) ya Am inakaa, ukija kwenye G kuna kitu kinakwaruza na hujui ni uzi gani. Unatyuni upya, unapiga, kinakwaruza vile vile. Unaanza kulaumu nyuzi, ukitoka hapo unalaumu gitaa, mwisho unajilaumu mwenyewe kwamba sikio huna.

Mi ilinikuta enzi hizo napiga gitaa kwenye kwaya. Kuna kaka alinifundisha kutyuni kwa haromoniki, yani zile sauti kama kengele unazopata ukigusa uzi kidogo tu juu ya freti (vile vyuma vya shingoni) bila kuukandamiza, unapiga ya freti ya 5 kwenye uzi mnene, unapiga ya freti ya 7 kwenye uzi unaofuata, unakaza mpaka zinakuwa kitu kimoja, kisha unahamia jozi inayofuata. Nikajiona fundi. Nilikuwa natyuni hivyo mbele za watu kwa mbwembwe zote, na kila Jumapili wimbo ukiwa kwenye G mwalimu wa kwaya anageuka kuniangalia. Mwezi mmoja nilibadilisha seti mbili za nyuzi, hela ya nauli ikaishia dukani, nikawa natembea kwa mguu kwenda mazoezini, na G bado inakwaruza. Nyuzi hazikuwa na kosa hata kidogo. Kosa lilikuwa kwenye hesabu, na hesabu yenyewe ni ya kujumlisha na kutoa tu, kwaiyo kaa hapa tuipige taratibu halafu nikuonyeshe jinsi ya kutyuni bila hilo balaa, gitaa kwanza, halafu fidla na udi (ile ala ya nyuzi ya taarab) maana huko ndo kuna utamu.

Ila kabla ya hesabu tuanze na sikio. Nyuzi za gitaa toka mnene kwenda mwembamba ni E A D G B E. Kandamiza freti ya 5 ya uzi wa E mnene, upige pamoja na uzi wa A ukiwa wazi. Hizo ni noti moja. Sasa legeza A kidogo, kidogo sana. Utasikia sauti inaanza kupumua, wau... wau... wau, ukizidi kulegeza inaenda mbio wauwauwau, ukirudi kukaza inapunguza mwendo mpaka inatulia kabisa kama maji kwenye ndoo. Hayo mawimbi si uchawi, uzi mmoja ukitetema mara 110 kwa sekunde na mwenzake mara 112 utasikia mawimbi mawili kila sekunde, tofauti yake ndo idadi ya mawimbi. Fanya hilo zoezi dakika tano kila siku kwa wiki moja. Sikwambii kama utani, ukishaweza kusikia mawimbi na kukadiria kasi yake robo tatu ya kazi umemaliza, tyuna ya simu inakuwa ya kuanzia tu.

Haya, hesabu. Uzi ukiukata nusu, pale freti ya 12, unapata do ya juu. Ukiacha theluthi mbili za uzi zitetemeke unapata so. Ukiacha robo tatu unapata fa. Ukiacha nne ya tano unapata mi. Waliokulia kwenye kwaya za do re mi wanazijua hizi sauti mwilini hata kama hawajawahi kusikia habari ya theluthi, kwaya nzuri ikiimba bila kinanda inaenda yenyewe kwenye hizo sehemu kwa sababu hapo mawimbi yanakufa, sauti zinashikana. Ndo maana kwaya ikishaimba ubeti mzima bila ala, kinanda kikiingia unasikia kabisa hawa watu hawapo sehemu moja.

Kupima umbali kati ya noti kuna kipimo kinaitwa senti, si hizi za shilingi, alikileta Mwingereza mmoja Alexander Ellis karne ya 19. Oktavi moja, do mpaka do, ni senti 1200. Kwenye gitaa kila freti ni senti 100. Sasa zile sauti safi za kukata uzi ukizipima, do mpaka so ni 702, do mpaka fa ni 498, do mpaka mi ni 386. Shika hizo namba tatu, zimebeba habari yote.

Anza na C, panda so moja unafika G, panda tena D, halafu A, E, B, unaendelea hivyo hivyo. Ukipanda mara 12 unarudi kwenye C, oktavi 7 juu ya ile ya kwanza. Piga hesabu: 702 mara 12 ni 8424. Oktavi 7, 1200 mara 7, ni 8400. Senti 24 zimezidi. (Ukiweka desimali zote ni 23.5 hivi, tusigombane.) Yani ukityuni kila so iwe safi kabisa, C ya mwisho haigongani na C ya mwanzo. Hakuna aliyekosea, hakuna uzi mbovu, namba zenyewe ndo zimekataa, na watu wameligundua hilo tangu enzi za Pythagoras kule Ugiriki, Wachina nao walilijua. Ni shuka fupi, ukifunika kichwa miguu iko nje. Kitu pekee unachoweza kuamua ni nani abaki nje.

Sasa hizi njia tatu za kutyuni zote ni majibu ya swali hilo moja, deni la senti 24 analipa nani.

Njia ya zamani: so kumi na moja ziwe safi, ya kumi na mbili ibebe deni lote peke yake. Hiyo moja inalia vibaya mpaka Wazungu wakaiita mbwa mwitu, wanaificha mahali ambapo wimbo haufiki. Shida ya njia hii ni mi. Ukifika mi kwa kupanda so nne safi unapata senti 408 wakati mi tamu ni 386, imepitiliza 22. Kumbuka hiyo 408, itarudi.

Njia ya pili, iliyotawala vinanda vya Ulaya karne ya 16 na 17, walisema basi mi ndo iwe tamu, wakapunguza kila so mpaka 696 na ushee ili so nne zikijumlishwa zitoe 386 kamili. Kodi za kawaida zikawa asali. Ila mbwa mwitu akanenepa, ile so ya mwisho ikafika kama 738, huwezi hata kuigusa, maana yake kuna funguo za muziki huendi kabisa.

Njia ya tatu ndo tunayoishi nayo leo. Kila so ichange senti 2, ziko 12, jumla 24, deni limekwisha. Ni kama mchango wa harusi ambao kamati imeamua kila mtu atoe sawa, hakuna anayeumia sana na hakuna anayetoka bure. Wachina walishaipigia hesabu kamili mapema, Zhu Zaiyu mwaka 1584 aliandika namba zake, kila hatua unazidisha kwa 1.0595 hivi, ukifanya mara 12 unapata 2, oktavi. Piano, kinanda, akodioni, freti za gitaa, vyote viko hivi. Uzuri wake unapiga ufunguo wowote unaotaka. Ubaya wake nani kaumia? Mi. So imekatwa senti 2 tu, sikio halishtuki, lakini mi iko 400 wakati sikio linaitaka 386. Senti 14 juu. Kila kodi kubwa (major) unayopiga kwenye gitaa ina mi iliyopanda senti 14 na umeshazoea tangu utoto.

Kama unatengeneza gitaa mwenyewe, na najua wapo, mahali pa freti panatoka hapo hapo. Pima uzi kuanzia nati (kile kijiti cha mwisho wa shingo chenye mifereji ya nyuzi) mpaka brija (pale uzi unapokaa kwenye tumbo la gitaa), gawa kwa 17.817, hapo ndo freti ya kwanza, kinachobaki gawa tena kwa 17.817, ya pili, endelea. Uzi wa milimita 650 freti ya kwanza inakaa 36.5 toka kwenye nati na ya 12 lazima iangukie 325, nusu kamili, hiyo ndo njia ya kujihakiki. Zamani mafundi waligawa kwa 18 tu, Vincenzo Galilei, baba wa yule Galileo wa darubini, aliieleza njia hiyo mwaka 1581 kwa wapiga luti (luti ni ndugu wa udi, hata jina limetokana na al-ud). Ukigawa kwa 18 kwenye uzi wa 650 freti ya 12 inakosa nusu kwa milimita 2 na kidogo. Kwa nyuzi za utumbo na freti za kufunga kwa kamba unazoweza kuzisogeza haikuwa neno, kwa freti za chuma zilizopigiliwa ni neno.

Sasa turudi kwenye aibu yangu ya Jumapili. Haromoniki ya freti ya 5 na ile ya freti ya 7 ukizilinganisha mpaka mawimbi yafe, umetengeneza fa safi, senti 498, kati ya uzi na uzi. Lakini freti zinataka 500. Kwaiyo A imebaki chini senti 2. D umeitoa kwenye A, iko chini 4. G umeitoa kwenye D, iko chini 6. Kisha kwa B yule kaka alinifundisha nichukue haromoniki ya freti ya 7 ya E mnene, hiyo ni so safi, 702, kwaiyo B inakuwa juu senti 2. Unaona? G iko chini 6, B iko juu 2, umbali wao ulitakiwa uwe 400 umekuwa 408. Ile ile 408 ya Pythagoras imenifuata mpaka kanisani. Na kodi ya G inapigwa na G wazi na B wazi zimekaa pua na mdomo, kwaiyo inalia kuliko zote. Am haina hizo nyuzi mbili zikiwa wazi, ndo maana ilikuwa inakaa. Mwalimu wa kwaya alikuwa anasikia vizuri tu.

Njia ninayotumia sasa haina mlolongo wa kurithishana makosa, kila uzi unatyuniwa kutoka kwenye A peke yake. Tafuta noti ya A, hezi 440 (yani mitetemo 440 kwa sekunde), kwenye simu au kinanda. Piga haromoniki ya freti ya 5 kwenye uzi wa A, ilingane nayo. Hapo uzi wa A wazi uko 110. Halafu:

E mnene, kandamiza freti ya 5, ilingane na A wazi. D, kandamiza freti ya 7, ilingane na haromoniki ya freti ya 12 ya A. G, kandamiza freti ya 2, ilingane na hiyo hiyo haromoniki ya 12. B, kandamiza freti ya 10, ilingane na haromoniki ya freti ya 5 ya A. E nyembamba, freti ya 5, na haromoniki hiyo hiyo. Basi. Kwa kuwa unakandamiza freti, freti zenyewe zinaleta zile senti 2 za mchango bila wewe kufikiria, na ukikosea uzi mmoja kosa linabaki kwa huyo huyo halimwambukizi jirani.

Kama unapenda haromoniki kama mimi zamani, unaweza kubaki nazo ila usiue mawimbi yote. Kati ya E mnene na A acha wimbi moja kila sekunde 3 hivi, A ikiwa juu kidogo. Kati ya A na D acha wimbi moja kila sekunde 2. Kati ya D na G moja kila sekunde moja na nusu. Inataka utulivu na chumba kisicho na feni.

Usifanye kosa hili ambalo nimeona hata wapigaji wazuri wanalifanya, unashika kodi ya E, unasikia ile G kali (freti ya 1 ya uzi wa G, ndo mi ya hiyo kodi) iko juu, unailegeza mpaka E inakuwa tamu kabisa. Kweli inakuwa tamu, umeshusha senti 14. Halafu unapiga C, na kwenye C ule uzi wa G ndo so yenyewe, sasa umeichafua kwa senti 14, masikio yanavumilia mi iliyopinda lakini so iliyopinda hayavumilii. Unakaza tena, E inaharibika. Unaweza kuzunguka hapo usiku kucha, nimezunguka. Ukitaka kupunguza makali shusha G na B senti 2 au 3 tu, na ujue umemkopa nani.

Kuna wanaoenda mbali zaidi. James Taylor, yule Mmarekani wa gitaa la vidole, anatyuni nyuzi zote chini ya tyuna kwa makusudi, toka E mnene ni senti 12 chini, 10, 8, 4, 6, 3. Si wazimu. Uzi mnene ukiupiga kwa nguvu unapanda juu kidogo kabla haujatulia, na kapo (kile kibanio cha shingoni) ikibana nyuzi inazipandisha pia, kwaiyo anawahi kuzishusha. Jaribu namba zake siku moja ukiwa peke yako, hasa kama unatumia kapo. Ukipiga na kinanda ziache nyumbani.

Na kuna mambo ambayo si hesabu wala nini ila yanaharibu hesabu zote. Tyuni ukitokea chini kupanda juu, ukipitiliza shuka kabisa chini ya noti ndo upande tena, la sivyo uzi unabaki umelegea kwenye pegi na dakika mbili baadaye umeshuka. Ukisikia mlio wa "tik" wakati unakaza, uzi unanata kwenye nati, paka unga wa penseli kwenye kile kijimfereji. Nyuzi mpya zivute kwa vidole mara kadhaa kabla ya kutyuni. Halafu linganisha haromoniki ya freti ya 12 na noti ya freti hiyo hiyo ukiikandamiza, ikiwa ya kukandamiza iko juu, kwenye gitaa la umeme rudisha kile kichuma cha brija nyuma uzi uwe mrefu kidogo, ikiwa chini sogeza mbele. Gitaa la mbao hiyo hamna, badilisha nyuzi na uangalie kama ziko juu mno toka kwenye freti, maana kila unapokandamiza unauvuta uzi na ukiuvuta unapanda. Wenye vidole vya nguvu mnajijua.

Fidla sasa. Fidla haina freti, kwaiyo haidaiwi chochote na mtu wa freti. Nyuzi zake nne, G D A E, zimepishana so, na wapigaji wanazityuni so safi, unavuta nyuzi mbili kwa pamoja na upinde mpaka mawimbi yafe. Ukianza na A ya 440, E inakuwa 660 kamili, kwenye kinanda ni 659.26. G inaangukia 195.56, kwenye kinanda ni 196, senti 4 chini. Ukipiga peke yako au na wenzako wa fidla iko safi sana, ukipiga na akodioni ile G wazi itakuwa nzito kidogo, kwaiyo chukua G na D kwenye akodioni yenyewe au usiipige G wazi, weka kidole. (Waarabu wengi fidla yao wanaifunga G D G D, ile A na E wanazishusha, inarahisisha maqamu, yani mizani za sauti za Kiarabu, na vidole vinateleza vizuri.)

Kuna jaribio moja la fidla, kama una rafiki anayepiga mwambie akufanyie sasa hivi. Aweke kidole cha kwanza kwenye uzi wa D, apate E, aivute pamoja na A wazi mpaka itulie kabisa. Asisogeze kidole. Sasa aivute E hiyo hiyo pamoja na G wazi. Inalia vibaya! Ili itulie na G lazima arudishe kidole nyuma kidogo, unakiona kabisa kwa macho kinarudi. E ya kwanza ni hezi 330, ya pili ni kama 326. Kidole kimoja, noti moja kwenye karatasi, sauti mbili, tofauti senti 22. Mimi nilipoonyeshwa hii nilikaa kimya kama dakika nzima, maana nilikuwa nimeishi na imani kwamba E ni E.

Tuje kwenye udi. Nilianza kujifunza Unguja, kwa maalim mmoja mtu mzima sana, na siku ya kwanza nilienda na simu yenye tyuna nimeiegemeza kwenye kikombe cha chai. Udi wa kawaida una nyuzi 11, jozi tano na mmoja mnene peke yake, na mtindo wa Kiarabu uliozoeleka toka mnene kwenda mwembamba ni C F A D G C. Utaona zote zimepishana fa isipokuwa F na A, hapo ni mi. Anza na A, panda fa safi kwenda D, kisha G, kisha C nyembamba. C nene itoe kwenye C nyembamba, oktavi mbili chini, halafu F itoe kwenye C nene. Ukipiga hesabu F na A zimeachana ngapi? 408! Deni limekimbilia hapo limejibanza. Lakini kwenye udi nani anapiga kodi za nyuzi wazi? Kidole ndo kinapanga, kwaiyo acha lilale. Ukipiga na akodioni tu ndo chukua kila uzi kwenye akodioni.

Kwenye jozi, tyuni uzi mmoja kwanza huku mwenzake umemziba kwa kidole, halafu mlete wa pili mpaka mawimbi yaishe. Hapo ndo lile zoezi la wau wau linalipa, tofauti ya senti 3 kwenye jozi inasikika kama nyuki. Pegi za udi ni za mbao tupu, kipindi cha mvua zinavimba na kiangazi zinateleza, chaki ya ubaoni kidogo kwenye pegi inasaidia, ukizungusha uwe unasukuma kwa ndani.

Sasa akaniambia nipige Rasti, maqamu mojawapo. Nikapiga C, D, nikaweka E, maalim akatikisa kichwa. Nikashusha senti 100 ikawa E bapa (E flat), akatikisa tena. Nikaangalia simu.

"Maalim, hapo katikati simu inaonyesha nyekundu."

"Mwanangu, hiyo simu haijui Rasti. Sasa wewe wasikiza au waangalia?"

Nikaizima. Mi ya Rasti iko kati ya E na E bapa, kwenye vitabu vya Kiarabu wanagawa oktavi vipande 24 vya senti 50 kwaiyo wanasema ni 350. Ila Waturuki mi yao ya Rasti iko juu zaidi, karibu na 384, yani karibu kabisa na ile mi safi ya kukata uzi, na kati ya miji na miji ya Waarabu wenyewe inatofautiana. Mwaka 1932 ulifanyika mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu Cairo, habari ya vipande 24 vilingane au visilingane ilibishaniwa sana, na haikuisha. Zanzibar mambo haya yalifika na watu, si na vitabu, Sultani Barghash alimpeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze ganuni (ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani), na kikundi cha taarab cha Ikhwan Safaa kipo tangu 1905. Kwaiyo mi ya Rasti unaipokea kwa aliyekufundisha, kama lafudhi. Njia ya kuipata: tafuta mtu au rekodi unayoiamini, piga C wazi iendelee kulia chini, telezesha kidole toka E bapa kwenda juu polepole mno, simama pale inapofanana. Weka alama ya penseli ndogo kwenye shingo ya udi kwa wiki mbili za mwanzo, halafu ifute.

Si Rasti peke yake inayogoma kwenye freti. Muziki wa Wagogo, zeze na ilimba (ile ya vichuma vya kupiga kwa vidole gumba), ule wa kina Hukwe Zawose, noti zake zinafuata haromoniki asilia za uzi. Haromoniki ya saba (uzi ukijigawa vipande saba) ni senti 969 juu ya do, kwenye gitaa noti ya karibu ni 1000. Tofauti senti 31, hiyo 969 haipo kwenye freti za gitaa la kawaida, labda uuvute uzi kwa kidole toka freti ya chini yake.

Wenye kinanda mna njia, vinanda vingi vya mtindo wa Kiarabu vina sehemu ya kushusha noti moja moja, unashusha E na B senti 50 kisha unarekebisha kwa sikio kumfuata wa udi au wa ganuni, na usisahau kurudisha kabla ya wimbo unaofuata maana nimeshasikia harusi nzima ikipigiwa rumba yenye E ya Rasti. Gitaa halina hiyo sehemu. Ukialikwa kupiga gitaa chini ya Rasti usiiguse E wala B kabisa, piga C na G tu, do na so, na F inapohitajika, ile mi muachie wa udi. Maalim aliponisikia nafanya hivyo mara ya kwanza hakusema kitu, alisogeza kiti chake karibu kidogo akaendelea kupiga.